Nani Ataonja Tui?

Waungwana wa mtaa, nina swali la jikoni,
Si la ndoa si la njaa, si la deni la dukani,
Ni mimi wa vitumbua, Tandika kichochoroni,
Wenzangu nishaurini, nani ataonja tui?

Nilipanda mizanini, mshale ukazunguka,
Ukaipita tisini, ukagonga, ukachoka,
Nesi Bupe kwa makini, kalamu akaishika,
Orodha akaandika, hata leo sizoei.

Si urembo nautaka, ni haya magoti yangu,
Nikitaka kuinuka, yalia kama ni vyungu,
Na daraja nikivuka, pumzi huja mafungu,
Na ndoo za unga wangu, mwingine hazichukui.

"Kula kilivyozaliwa, kisipite kiwandani,
Unga usokobolewa, kunde na maganda ndani,
Mboga ya kuchemshiwa, mafuta yawe dumuni."
Nami niwapo kazini, nani ataonja tui?

Tui likikosa kitu, mizani yake ulimi,
Iliki ni punje tatu, kuzidisha si uchumi,
Wateja wangu si watu wa kudanganywa na mimi,
Nikionja sisimami, kimoja hakinifai.

Nikamwambia Shomari, akashika langu shavu:
"Ukikonda ni hatari, watasema sina nguvu,
Mke wangu si habari ya kutafunwa kwa wivu."
Kisha akala vikavu, vitano, na haugui.

Nikamuona Mwantumu, akasema, "Acha kula,
Kunywa siki, si ya sumu, kijiko, ndipo kulala,
Ukiishika saumu, utakuwa kama swala."
Nikazimia Ilala, jina langu silijui.

Harusi ya wifi yangu, sinia likaja mbele,
Nikatoa kopo langu la kunde na matembele,
Kimya kikapita kwangu, halafu vicheko tele,
"Wali wetu una ndwele?" mavyaa akanidai.

Usiku una harufu ya mishikaki ya kona,
Tumbo lasoma sarufu ya "nilikula" na "sina",
Mwanga wa taa hafifu, ndoo ya unga yanona,
Niambieni kwa jina, nani ataonja tui?

Sikujua wa mkaa, hununua sita sita,
Jumanne akakaa, pesa yake hakuleta,
Kafunua kitambaa, karatasi kaivuta,
Ya Bupe nikaikuta, herufi haipungui!

Hakunipa ushauri, alinipa nusu boga,
Tukala tukikariri majina yote ya mboga,
Kisamvu hadi figiri, mlenda bila ya woga,
Wakauliza, "Mwaroga?" "Twahesabu, hatuui."

Saa kumi kila siku, agonga langu dirisha,
Nusu kijiko, si chuku, robo robo, inatosha,
Cha pili ni marufuku, jicho lake lanitisha,
Kilo tatu zimekwisha, ya nne haisikii.

Ila juzi kapigiwa simu ya kwao Liwale,
Mjukuu kazaliwa, miezi mitatu kule,
Mkaa umegawiwa, dirisha li vile vile,
Tupo mimi na mchele, nani ataonja tui?

Msinitumie siki, wala chai ya majani,
Wala mikanda ya dhiki ya kufungwa kiunoni,
Nataka mtu, rafiki, wa kugonga dirishani,
Boga li juu mekoni, njoo, mimi sichagui.